Mtoto Anayelia na Mtoto Anayenyamaza
Somo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chini ya miaka 5

Siku ya kupima watoto, kaa kwenye benchi ya kituo cha afya usikilize. Mama mmoja atasema, "Huyu wangu ni mkorofi, hata nafasi ya kufua hanipi." Mwenzake atajibu, "Mimi wangu hana taabu. Kutwa analala, hata jirani hajui kama nina mtoto mchanga." Wote waliokaa hapo watampa pole yule wa kwanza na kumpongeza wa pili. Huenda wamekosea kwa wote wawili.

Somo la leo linahusu watoto hao, na jinsi malezi yetu yanavyopatana au yasivyopatana na namna walivyozaliwa. Tunawaandikia akina mama, akina baba, mabibi, na hata dada mkubwa anayembeba mdogo wake mgongoni wakati mama yuko kwenye foleni. Wengi wenu mmetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge kushuka hadi Nyanza-Lac, kwa hiyo mifano mingi tumeitoa huko. Ndugu zetu waliotoka milimani watatuvumilia.

HULKA NA TABIA

Kuna maneno mawili ambayo tunayachanganya. Tabia ni jambo ambalo mtoto hujifunza, kama kusalimia wakubwa, kunawa mikono, au kudokoa sukari. Hulka ni namna alivyokuja duniani. Yuko mtoto anayeshtuka turubai likipigwa na upepo, na yuko mwingine anayelala wakati mvua inanyesha juu ya kichwa chake. Yuko anayenyonya kwa saa zile zile kila siku, na yuko ambaye huwezi kujua kama leo atalala asubuhi au jioni. Mama aliyezaa watoto watano hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba wote walitoka tumbo moja, wakala chungu kimoja, na tangu wiki za kwanza hakuna aliyefanana na mwenzake.

Mwaka 1956 madaktari wawili, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 mjini New York, tangu uchanga hadi walipokuwa watu wazima. Waliwauliza wazazi mambo ya kila siku tu: mtoto anafanya nini ukimwogesha, ukimpa chakula kigeni, akimwona mtu asiyemjua? Waliona kwamba watoto kama 40 katika kila 100 ni wepesi. Hula na kulala kwa wakati, huzoea mambo mapya haraka, na furaha yao iko karibu. Watoto kama 10 katika 100 ni wagumu. Hulia kwa nguvu, hawana saa, hukataa kila kipya. Wengine kama 15 si wakali, ila ni wazito wa kuzoea. Hujificha nyuma ya mama, na baada ya siku kadhaa hutoka wenyewe. Hao waliobaki, kama 35, hawakuingia katika fungu lolote. Tunaona vizuri kulisema hilo, maana mzazi akishasikia mafungu hupenda kumsukumia mwanawe katika mojawapo hata kama hatoshi.

Jambo kubwa walilolisema madaktari hao si mafungu. Walisema kwamba hakuna hulka iliyo mbaya yenyewe. Taabu inaanza pale hulka ya mtoto inapogongana na namna anavyolelewa na mahali anapoishi.

MAHALI PAKIBADILIKA

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo inatuhusu sisi watu wa kambini kuliko watu wengine.

Miaka ya 1970 watafiti wawili, Sara Harkness na Charles Super, walikaa katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Walilinganisha watoto wa hapo na watoto wa Marekani. Kule Marekani mtoto asiyekuwa na saa ya kulala alikuwa msiba wa nyumba nzima, kwa kuwa alilazwa kitanda chake peke yake na wazazi walitakiwa kuamka mapema kwenda kazini. Kokwet mtoto wa namna hiyo hiyo hakuwa na shida na mtu. Alilala ubavuni mwa mama, akiamka usiku ananyonya, mama anaendelea na usingizi. Mtoto mgumu wa Kokwet alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa yule asiyekubali kubebwa mgongoni wala kuachwa na dada yake, kwa sababu mama asingeweza kwenda shambani.

Sasa tujitazame wenyewe. Kule Nyanza-Lac mtoto mwenye miguu mingi, yaani yule asiyetulia, alikuwa na pwani nzima. Alikimbia kati ya mitumbwi, akafukuza kuku kwenye dagaa walioanikwa mchangani, akaenda kwa bibi, akarudi jioni amechoka na amekula nyumba tatu. Hakuna aliyemwita mkorofi. Mtoto huyo huyo hapa kambini anaishi katika chumba kimoja cha turubai, jiko liko hatua mbili kutoka kitandani, na jirani anasikia kila kilio. Ameitwa mkorofi tangu mwezi wa kwanza. Hulka yake ni ile ile aliyozaliwa nayo, ila pwani imeondoka.

Na baba naye. Mvuvi wa Rumonge aliondoka na taa jua likizama, akarudi alfajiri na kulala mchana, na watoto waliambiwa wasipige kelele. Alimwona mwanawe kwa vipande vipande. Hapa hana mtumbwi wala wavu, anakaa na mtoto kutwa katika nafasi ndogo, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kusikia jinsi mtoto wa miaka miwili anavyolia kutoka asubuhi hadi jioni. Baba wa namna hiyo akipandisha sauti, si lazima awe mtu mbaya. Ni mtu anayemfahamu mwanawe kwa kuchelewa, tena katika hali ngumu. Tunalisema hili kwa heshima, kwa sababu katika mazungumzo mengi ya malezi akina baba huitwa kulaumiwa tu, na wakishalaumiwa mara moja hawarudi tena.

SAMAKI HAWAKUNJWI NAMNA MOJA

Wazee wetu walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, mtoto hufundishwa akiwa mdogo. Lakini watu wa ziwani mnajua jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui: samaki hawakaushwi namna moja. Dagaa humtandaza mchangani, jua zuri likiwaka kutwa inatosha. Mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, ukimwanika hivyo hivyo mzima, kesho utamtupa. Yeye anataka kupasuliwa na kupewa moto wa polepole. Jua halikuwa baya. Halikumfaa samaki yule.

Katika miaka ya 1960, Diana Baumrind wa California aliwachunguza wazazi wa watoto wadogo na kuyagawa malezi katika namna tatu. Kuna wazazi wa amri, ambao neno lao halina maelezo na anayekosea hupigwa. Kuna wazazi walegevu, wa "mtoto akililia wembe mpe". Na kuna wazazi waongozaji, walio na masharti yanayojulikana na yasiyobadilika kila siku, lakini wanaomsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Watoto wa kundi la tatu ndio walioonekana kujiamini na kujizuia zaidi. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi katika semina, hatutayarudia.

Lisilosemwa sana ni kwamba adhabu ile ile haimfikii kila mtoto kwa uzito ule ule. Mtafiti Grazyna Kochanska, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, aliliona hili miaka ya 1990. Mtoto mwoga kwa hulka hujifunza kwa neno la upole. Ukimkemea kwa kishindo, anachokisikia ni kishindo tu, na lile funzo linapotea kwa sababu moyo wake unadunda. Mtoto asiye na woga ni kinyume. Neno la upole peke yake halimshtui, lakini na ukali pia haumfundishi. Anavumilia kofi, anajifuta, anarudia. Huyo hufuata masharti kwa sababu ya ukaribu. Anakutii kwa kuwa mnacheka pamoja, mnafanya kazi pamoja, na hataki kukupoteza. Kwa hiyo wewe unayesema, "Mbona kaka yake nilimchapa akanyooka?" fahamu kwamba yawezekana kaka yake angenyooka hata bila fimbo.

Kwa mtoto mwenye hasira za karibu, ukali huleta mduara. Analia, unafoka. Anazidi, unampiga. Anapiga kelele mpaka majirani wanatoka, unaona aibu, unampa alichotaka ili anyamaze. Siku hiyo amejifunza mambo mawili: kwamba wakubwa hupiga wakikasirika, na kwamba akipiga kelele vya kutosha hupata. Hivyo katika dakika kumi umekuwa mzazi wa amri na mzazi mlegevu pia.

Inafaa nini basi? Mtoto mgumu husaidiwa na siku inayofanana na siku ya jana. Kambini si rahisi, lakini hata hapa yapo mambo matatu ambayo mzazi anaweza kuyashika: kuoga, kula na kulala kwa wakati ule ule. Mwambie kabla ya kumwondoa kwenye mchezo: "Ukimaliza kujaza kopo hilo mchanga, tunakwenda bombani." Usimshtukize. Akiwa katika kilele cha hasira usimhubirie, kaa karibu naye, ongea kidogo, mwache ashuke. Na ukiona mkono wako mwenyewe unatetemeka, mlaze mtoto mahali salama au mpe jirani, toka nje, unywe maji. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe kwa hasira. Shingo yake ni laini, na kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake au kumwua.

Kwa yule mzito wa kuzoea, dawa ni muda. Siku ya kwanza ya chekechea kaa naye. Siku ya pili kaa naye nusu. Siku ya tatu mwage, umwambie utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo hiyo. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni. Ukitoroka mara moja, atakushika sketi mwezi mzima.

MTOTO ASIYESUMBUA

Sasa tunafika kwa yule mtoto wa pili wa kwenye benchi.

Mwaka 1974 daktari Marten deVries alikuwa kwa Wamasai wa Kenya akichunguza hulka za watoto wachanga wa miezi minne au mitano. Aliwachagua 10 waliokuwa watulivu kuliko wenzao na 10 waliokuwa wasumbufu kuliko wenzao. Kisha ukame mkali ukaingia, ng'ombe wakafa karibu wote, na familia zikatawanyika kutafuta maji. Miezi michache baadaye alirudi kuwatafuta watoto wake. Aliweza kuzipata familia 13 tu. Katika zile 7 za watoto watulivu, watoto 5 walikuwa wamekufa. Katika zile 6 za watoto wasumbufu hali ilikuwa kinyume: wengi wao walikuwa hai.

Idadi hiyo ni ndogo, na mtu mwangalifu hawezi kujenga sheria juu ya watoto 13. Lakini sababu iliyotolewa inaeleweka na kila mama. Katika njaa, mama mwenye kazi nyingi na maziwa machache humnyonyesha anayedai. Anayelia anakumbukwa. Anayenyamaza anaambiwa, "Wewe ni mvumilivu, subiri kidogo." Wamasai nao hawakumchukia mtoto mkali, walimwona kuwa na moyo wa kiume. Washona wa Zimbabwe wana methali inayosema kwamba mtoto asiyelia hufia mbelekoni.

Ndugu mzazi, katika kazi yetu hapa hatuna hofu kubwa na mtoto anayepiga kelele kwenye foleni ya uji. Kelele zake zitamleta kwa muuguzi. Tunamhofia yule anayelala mgongoni huku foleni inasogea.

Yapo mambo ambayo mtoto mtulivu anahitaji zaidi ya ndugu zake, nayo ni madogo.

Mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24. Msumbufu atakuhesabia mwenyewe. Mtulivu itakubidi umhesabie wewe, na kama amelala muda mrefu, mwamshe. Mfunue, mguse nyayo, mpake maji kidogo usoni, umpe ziwa. Bibi atasema mtoto aliyelala haamshwi. Mheshimu bibi, lakini mwamshe.

Mtoto aliyeanza kula apewe sahani yake. Wengi wetu tumezoea watoto kula sinia moja, na ni desturi nzuri inayofundisha kugawana. Lakini tazama mikono. Watoto wanne wanapozunguka sinia la ugali na maharage, mwenye haraka anamaliza mchuzi, na mtulivu wa miaka miwili anabaki na kipande cha ugali mkononi akitazama. Hakulia, kwa hiyo ameshiba? Ukimpa sahani yake, utajua amekula nini na amebakiza nini. Kaa naye, mhimize kwa maneno, usimlazimishe. Akishazoea, arudi kwenye sinia pamoja na wenzake.

Na aongeleshwe. Mtoto asiyesumbua hupata maneno machache kwa siku, maana tunasema na anayetusumbua. Ukiwa unachambua maharage, mwambie unachofanya. Akikuangalia, mjibu. Akitoa sauti, irudie. Haya hayana gharama, na ubongo wa mtoto wa umri huu unakua kwa mazungumzo ya namna hii pamoja na chakula.

TANGU LINI?

Hapa pana swali moja ambalo tunaomba ulishike kuliko yote yaliyoandikwa juu. Mtoto wako akiwa mkimya sana au mkali sana, jiulize: amekuwa hivi tangu lini?

Kama ni tangu kuzaliwa, huenda hiyo ni hulka, na malezi yako yaifuate. Kama ni tangu wiki iliyopita, au jana, au asubuhi ya leo, hiyo si hulka. Mtoto aliyekuwa akikimbia na sasa anakaa, aliyekuwa akicheka na sasa hata mpira haumvuti, ana jambo. Inaweza kuwa homa, njaa, minyoo au malaria. Inaweza pia kuwa kitu alichokiona.

Njaa ya muda mrefu hubadilisha mtoto ukadhani amebadilika moyo. Mwenye utapiamlo mkali hupoa, hataki kucheza, ananung'unika ukimgusa, kisha anarudi kimya. Mama anasema, "Siku hizi ametulia." Mpeleke apimwe mkono. Ule utepe wa rangi ni kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5: chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, nako ni hatari; kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia hapo ni kijani. Bonyeza pia sehemu ya juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba. Kama shimo linabaki, miguu imevimba. Nenda kituoni siku hiyo hiyo hata kama mashavu yamejaa na watu wanamsifu unene.

Kuharisha kuna somo lake. Waliokaa ufukweni Kagunga mwezi Mei 2015, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, wanaikumbuka kipindupindu, na Nyanza-Lac na Rumonge zimeujua ugonjwa huo mara nyingi. Mtoto anayeharisha akianza kupungukiwa na maji huwa na kiu, hatulii, analialia na kukasirika. Huo ndio wakati wa kumpa maji ya chumvi-sukari ya pakiti, kijiko kwa kijiko, na kumwendesha kituoni. Akiendelea kupoteza maji hunyamaza. Macho yanazama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, analegea, hataki tena hata kunywa. Mzazi aliyechoka anashukuru kwamba sasa amelala. Siyo usingizi, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Hali kadhalika mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayeshtuka kwa degedege, au asiyeamka ukimwita: beba, nenda, usiku au mchana.

Lipo na lile la alichokiona. Watu wa mwambao wamevuka ziwa mwaka 1972, wakavuka mwaka 1993, wakavuka mwaka 2015. Mama mwenye miaka 20 na zaidi kidogo leo alikuwa mtoto wa shule ya msingi katika safari ile ya 2015, na mama yake huenda alizaliwa katika kambi. Mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye alianza kukojoa kitandani tena, au aliyeacha kusema maneno aliyokuwa anayajua, au asiyetaka kukuachia mkono hata msalani, hafanyi ujeuri. Usimcheke wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mweke karibu, lala naye, mrudishie saa zake za kula na kulala. Ikiwa majuma yanapita na hapati nafuu, zungumza na mhudumu wa afya. Na kama wewe mwenyewe ndiye huna usingizi, huna hamu ya kitu, na kilio cha mtoto unakisikia kama kiko mbali, liseme hilo pia. Mtoto mtulivu na mama aliyezama katika huzuni ni watu wawili wanaoweza kukaa nyumba moja siku nyingi bila mmoja kumwita mwenzake.

MAMA ANAYEMJUA MWANAWE

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alikuwa Uganda. Alitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao wachanga kwa miezi mingi. Alitaka kujua kwa nini watoto wengine hujisikia salama na wengine hulia hata wakiwa mapajani. Hakukuta kwamba siri ni mapenzi, maana karibu wote waliwapenda watoto wao. Jambo moja aliloliona ni hili: wale akina mama ambao waliweza kumsimulia habari ndogo ndogo za mtoto, kwamba hapendi kufunikwa uso, kwamba hulia kidogo kabla ya kulala, kwamba jana aliogopa mbuzi, watoto wao mara nyingi ndio waliokuwa na utulivu wa kweli. Mama aliyemtazama mtoto aliweza kumjibu.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya wiki hii. Chagua mtoto mmoja katika nyumba, na kama unao wengi, chagua yule unayemzungumzia kidogo kuliko wote. Mtazame siku tatu. Halafu njoo kwenye kikundi umweleze jirani yako habari zake bila kutumia maneno "mzuri", "mbaya", "mkorofi" wala "mtulivu". Akina baba waje pia. Wavuvi wana macho ya kuona mabadiliko ya maji usiku, tunaamini mtoto hatawashinda.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Kule nyumbani, mtoto wako huyu angeitwa mkorofi? Hapa kambini ni kitu gani kinachomkosesha nafasi, na kipi kati ya hivyo mnaweza kukibadilisha ninyi majirani wenyewe kwa wenyewe?

2. Jana jioni, mtoto wako mdogo kuliko wote alikula kiasi gani? Umejuaje?

3. Nani katika mtaa wenu anaweza kupokea mtoto kwa nusu saa pale mzazi anapozidiwa na hasira au uchovu? Kama hayupo, nani yuko tayari kuanza?